Rangi ya Ndaa katika Kitabu cha Lettow-Vorbeck

Kitabu cha Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, Meine Erinnerungen aus Ostafrika, kilichochapishwa mwaka 1920, husomwa kwa ajili ya habari za mapigano. Lakini kurasa chache zihusuzo mavazi ya askari ndizo zimfaazo zaidi mwanafunzi wa Kiswahili, kwani humo neno moja hufichua jambo alilolinyamazia mwandishi.

Vita vilipozuka mwaka 1914, manowari za Kiingereza ziliziba pwani, na nguo za Ulaya zikaadimika. Mwandishi aeleza kwamba vitabu vya ufundi wa kusokota vilitafutwa. Wanawake weupe na weusi wakasokota kwa mkono. Misheni na mafundi wakaunda vitanda vya mfumi. Ngozi zikatengenezwa kwa dawa ya mikoko. Rangi mbalimbali zikajaribiwa, hata mzizi wa mti aliouita ndaa ukatoa hudhurungi ya kimanjano isiyoonekana upesi nyikani.

Zikajaribiwa na nani? Sentensi haina mtenda, na hapo ndipo kitabu kinapopungua. Kwa kawaida ya ngeli zetu mti ni mdaa, na ndaa ni kile kitokacho kwake, ambacho wasukaji wa mikeka hukitumia kutia ukili rangi nyeusi. Aitaye mti ndaa yaelekea hakuujua mti. Jina alilipata chunguni, kwa mtu aliyeizoea rangi hiyo tangu zamani. Kaki ya askari, basi, ina deni kwa wasukaji wa mikeka.

Vile vitabu navyo ni ajabu. Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, aliandika juu ya ufumaji wa pamba wa Wanyamwezi. Ni kweli kwamba merikani na kaniki, zilizoingia Unyanyembe kwa njia ya misafara na kuenea hata vijiji vya upande wa Kipalapala, ziliupunguza ufundi huo. Hata hivyo kusimulia ufumaji kana kwamba ulizaliwa upya kutoka vitabuni ni kuisoma nchi kwa jicho moja.

Penye viatu mwandishi ni mwingine kabisa. Alijifunza kushona mwenyewe, naye ataja kila kitu kwa jina: msumari mahali pa sindano ya fundi, mti wa hema mahali pa kalibu, uzi uliokatwa katika ngozi ya paa.