Uti, Upote na Mkono: Jinsi Mshale Unavyoshika Njia Moja

Wilaya ya Rungwe ni nchi ya mkuki zaidi kuliko upinde. Wanyakyusa wa huko, ambao Godfrey na Monica Wilson waliishi miongoni mwao na kuwachunguza kati ya 1934 na 1938, walijulikana kwa mikuki yao, na chuma chao kingi kilitoka kwa wahunzi wa Kikinga waliokuwa ng'ambo ya pili ya bonde, katika Milima ya Livingstone. Kwa hiyo msomaji wa Tukuyu, wilayani humo, anayetaka kuelewa mwendo wa mshale hana budi kuelekeza macho kwa Wahadzabe wa Bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi, ambao hadi leo wanawinda kwa upinde. Tofauti ya silaha hizi mbili ni ya msingi: mkuki hupata mwendo wake wote mkononi, na mkono huusikia uzito wake hadi unapoachiwa, ilhali mshale husukumwa na upote, yaani uzi wa upinde, kwa muda mfupi mno kiasi kwamba mpigaji hawezi kurekebisha chochote baada ya vidole kuachia. Kinachohitaji kufanana kutoka pigo moja hadi jingine lazima kiwe kimeshafanana kabla ya hapo.

La kwanza ni urefu wa kuvuta. Upinde wa Kihadzabe, ambao hukaribia kimo cha mtu na pengine kukizidi, una uzito wa kuvuta wa takriban kilo 30, maana yake ni nguvu inayohitajika kuufikisha upote mahali pa kufyatulia. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba upote unavutwa nusu meta kutoka pale unapotulia, na kwamba mshale unaondoka kwa kasi ya meta 39 kwa sekunde. Ukilengwa mnyama aliye umbali wa meta 25, mshale huo utakuwa angani kwa muda wa karibu theluthi mbili za sekunde, na utakuwa umeshuka meta mbili hivi chini ya mstari ulionyooka. Mpigaji akichoka na kuvuta pungufu kwa sentimeta tatu tu, kasi itapungua kwa asilimia sita, na mshale utashuka takriban sentimeta 26 zaidi, kiasi kinachotosha kuupitisha chini ya tumbo la digidigi. Ndiyo maana mapokeo mengi ya upinde husisitiza kituo, yaani mahali pamoja mwilini ambapo mkono unaovuta hufika kila mara, na husisitiza kuvuta kwa misuli ya mgongo badala ya mkono peke yake, kwa kuwa mgongo hauchoki upesi na hautetemi.

Hata hivyo, umbo zuri la mwili peke yake halitoshi, na hapa ndipo ufundi wa Wahadzabe unapostahili heshima kubwa kuliko inayotolewa kwa kawaida. Mshale hukaa ubavuni mwa upinde, si katikati yake. Upote unapousukuma kutoka nyuma, uti wake, yaani kijiti chenyewe, hupinda, hujizungusha kandokando ya mti wa upinde na kuendelea kutikisika kushoto na kulia baada ya kuondoka. Mmarekani Clarence Hickman alilithibitisha jambo hili kwa kamera ya kasi kubwa, na Paul Klopsteg akalieleza katika makala ya fizikia ya mwaka 1943. Uti ukiwa mgumu kupita kiasi hugonga upinde na kupotoka upande mmoja; ukiwa laini mno hupotoka upande wa pili. Basi mishale miwili ya ugumu tofauti, ikipigwa na mkono uleule kwa namna ileile, itafika mahali pawili.

Mwindaji wa Kihadzabe hana kipimo cha kiwandani cha ugumu huo. Ana vidole, macho na meno. Uti hupashwa moto, kisha hunyooshwa kwa kuukandamiza kwa meno, huku ukizungushwa na kutazamwa kwa urefu wake, tena na tena. Kazi hii hurudiwa katika maisha yote ya mshale, kwa maana mti hurudia upindo wake. Anayeitazama akadhani ni mapambo hajaelewa kwamba sehemu kubwa ya ulengaji hufanyika pale kambini.

Manyoya, ambayo kwa kawaida ni ya kanga au ya tai, huongeza ukinzani wa hewa nyuma ya mshale na kuurudisha kwenye mstari. Lakini hufanya hivyo polepole, na katika umbali mfupi wa mawindo hayana nafasi ya kuokoa uti mbovu. Sumu nayo, inayotengenezwa kwa utomvu wa mmea wa Adenium au kwa mbegu za Strophanthus, hushambulia moyo wa mnyama, hivyo humpa mwindaji nafasi ya kukosa viungo muhimu, mradi asimkose mnyama mwenyewe.

Upinde wa Kihadzabe ukipandishwa Tukuyu, penye mwinuko wa takriban meta 1,600 na mvua inayozidi milimeta 2,000 kwa mwaka, wepesi wa hewa hautaleta tofauti kubwa. Tatizo litakuwa upote. Wahadzabe huusokota kwa kano za wanyama, zikiwemo za twiga, malighafi bora katika nchi kavu lakini yenye kunywa unyevu na kulegea. Upote uliorefuka hukaribia mti wa upinde, mshale huuacha kwa kuchelewa, na uti hupita kwenye upinde ukiwa katika hatua nyingine ya mtikisiko wake, hata kama mkono haujabadili lolote. Kwa hiyo fundi wa Rungwe angelazimika kuupaka upote mafuta au nta mara kwa mara, au kuusokota kwa nyuzi za mmea usiolegea kwa maji, kisha achague upya ugumu wa nyuti zake kulingana na upote huo.