Mgane anapoitwa mjane, na bibi wanapogeuzwa wake

Wengi tulifundishwa shuleni kutenga maana: mjane ni mwanamke aliyefiwa na mumewe, ilhali mwanamume aliyefiwa na mkewe ni mgane. Hebu muulize kijana yeyote aliyemaliza shule juzi mgane ni nani. Huenda akakujibu kuwa ni mganga aliyekosewa tahajia.

Nimelazimika kulirejelea neno hili kutokana na habari niliyoisoma majuzi kuhusu mzee mmoja wa Pwani, aliyefiwa na mkewe, ambaye anasaidia kuendesha klabu ya wazee. Kila wiki wanachama hukutana, wakanywa chai, wakacheza bao, wakapimwa presha na kuulizana nani hajaonekana. Mzee huyo ndiye mpiga simu, mpanga viti na mchekeshaji wao. Habari yenyewe ni nzuri. Kiswahili kilichotumiwa kuisimulia ndicho kilichomdhulumu mzee wa watu.

Kwanza aliitwa ‘mjane mtanashati’. Aya tatu baadaye akawa ‘mjane wa kiume’. Bila shaka mwandishi alihisi kwamba neno lake linachechemea, akalipa mkongojo. Wapo watakaonijibu kuwa mjane siku hizi hutumiwa kwa jinsia zote. Kweli, katika mazungumzo husikika hivyo, nami sina ugomvi na mazungumzo. Ila gazeti lina neno mahususi kabatini. Mbona liazime la jirani?

Kupotea kwa mgane si jambo dogo. Tazama jinsi lugha na desturi zilivyomshughulikia mjane. Akiwa Mwislamu ana eda ya miezi 4 na siku 10, na akiwa katika eda hiyo huitwa kizuka. Ana hata siku yake, Juni 23, iliyotambuliwa na Umoja wa Mataifa mwaka wa 2010. Sababu zipo na ni nzito: wajane hunyang’anywa mashamba na nyumba, na wengine hushurutishwa kurithiwa. Mgane, kwa upande wake, hana eda. Hajatengewa muda wa kukaa na msiba wake. Mkewe huzikwa leo na kabla ya arubaini watu wanamuuliza, eti mzee, utaoa lini? Habari niliyoisoma ilipita palepale. Haikuuliza mzee huyu alikuwa akikaa na nani jioni kabla ya klabu kuanza.

Sasa huo utanashati. Mtanashati ni mtu nadhifu, anayejua kujipamba na kuvaa. Katika habari nzima hakuna shati wala kofia iliyotajwa! Kilichosimuliwa ni jinsi alivyo na bashasha, anavyokumbuka majina ya wajukuu wa kila mtu na anavyowachekesha walionuna. Huyo ni mchangamfu, ni mcheshi, na ukipenda, ana haiba. Maneno haya hayabadilishani viti hovyo. Ucheshi hukaa mdomoni na bashasha husomeka usoni, lakini haiba mtu anaweza kuwa nayo hata akiwa amenyamaza. Tena ‘mjane mtanashati’ masikioni mwa vijana wa Nairobi ni kama tangazo la mtafuta mchumba. Mtaani mzee mchangamfu mbele ya wanawake keshaandaliwa majina: sponsa, au fisi. Mwandishi hakuwa na haja ya kuwasaidia.

Mambo yakazidi kuchacha pale iliposemwa kwamba mzee huwapokea bibi zake mlangoni, mmoja mmoja, huku akiwatania. Pwani, bibi ni mama wa mzazi wako, na pia ni neno la kumheshimu mwanamke mtu mzima. Bara, bibi ni mke. Habari hiyo ikifika Nakuru au Kakamega, mgane wetu ana wake wasiopungua kumi na bado anawapangia viti! Simlaumu mwandishi kwa kusema Kipwani chake, na mimi hukipenda. Namlaumu mhariri, ambaye kazi yake ni kukumbuka kwamba gazeti husomwa pande zote za nchi. ‘Wanawake wazee wenzake’ ingetosha.

Kuhusu klabu nitasema machache. Mwandishi aliichanganya na kilabu, mara ‘klabu ya’, mara ‘kilabu cha’. Kwa Wakenya wengi kilabuni ni mahali pa pombe, na wazee hawa walikuwa wakinywa chai.

Lililoniudhi hasa ni kichwa cha habari, kilichowaita wanachama ‘vikongwe hivi’. Kikongwe ni kiumbe chenye uhai. Kama kipofu au kiongozi, huchukua upatanisho wa A-WA: kikongwe huyu, vikongwe hawa. Ukimpatanisha na KI-VI unamshusha hadhi awe sawa na kiti. Zaidi ya hayo, kikongwe ni mtu mzee sana. Katiba ya 2010 humhesabu mtu kuwa mzee akishapita miaka 60. Mwalimu aliyestaafu juzi, akiwa na miaka 61, amekuwa kikongwe lini? Na tusisahau kwamba Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mvi zao zikichukuliwa kuwa ushahidi. Wapo waliokimbia makwao. Katika mazingira hayo, neno linalomfanya mzee aonekane kitu, tena kwa herufi kubwa, halina mzaha ndani yake. Tunayo mzee, mstaafu, shaibu. Hata ajuza ningelitumia kwa tahadhari, maana limeshaanza kunuka dharau.

Ajabu ni kwamba neno bora kuliko yote lilitoka kinywani mwa mzee mwenyewe. Alipoulizwa kuhusu klabu, aliiita ‘baraza yetu’. Kwa Mswahili wa Mji wa Kale, baraza ni kile kikao cha mawe nje ya nyumba ambapo wanaume hukaa jioni wakapiga gumzo. Kwa jadi wanawake hawakai pale. Mgane huyu ameijenga baraza ambayo wanawake wanakaa, wanacheza bao na kumshinda. Mwandishi alilinukuu neno hilo katika aya ya mwisho, kisha akaliacha lipite.