Akiba Inayooza: Mkusanyaji na Filamu Iliyopotea

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa mkusanyaji wa filamu za kale methali hii haisimami, kwani mikanda ya zamani ilikuwa ya nitrati, ambayo huoza na kushika moto upesi. Je, mkusanyaji huvutwa na uzuri wa filamu, au na uadimu wake tu?

Tuchukue Metropolis, filamu ya Kijerumani isiyo na sauti ya Fritz Lang. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1927 ilizidi saa 2. Baadaye ilikatwa, na vipande vilivyoondolewa vikaaminika kuwa vimepotea. Hata hivyo, nakala ndefu ilikuwa imefika Argentina, ikahifadhiwa na mhakiki na mkusanyaji Manuel Peña Rodríguez. Miaka mingi baadaye, mwendeshaji wa klabu ya sinema alisimulia jinsi alivyolazimika kushikilia mkanda kwa kidole kwa zaidi ya saa 2 wakati wa kuionyesha. Mtafiti Fernando Peña alishtuka: nakala zilizojulikana hazikuwa ndefu kiasi hicho! Mwaka 2008 nakala ya milimita 16 ilitambuliwa katika makumbusho ya sinema ya Buenos Aires.

Toleo la 2010 lilirejesha takribani dakika 25. Sehemu hizo hutambulika papo hapo, maana zimejaa mikwaruzo kama mvua. Nakiri kwamba mwanzoni nilizishangilia kwa sababu tu zilikuwa zimepotea. Nilipozitazama tena, niliona kwamba baadhi ni za kawaida mno. Lakini ile ya sanamu ya Hel, mwanamke ambaye mvumbuzi Rotwang alimpenda akamkosa kwa mtawala Fredersen, inaonyesha mzizi wa chuki ambayo katika matoleo yaliyokatwa haikueleweka. Mfanyakazi nambari 11811 naye, aliyekuwa akipita kama kivuli, sasa ana tamaa zake. Uzuri huu hautokani na uadimu, bali na kazi ambayo sehemu hizo zinafanya katika hadithi.

Kwa hiyo simlaumu mkusanyaji kwa kupenda kisichojulikana. Ninamlaumu anapokifungia ili ajivunie peke yake, kwani hapo hakuna wa kutofautisha kizuri na kilichoadimika tu. Kama nakala ile isingeonyeshwa klabuni, hakuna ambaye angelalamikia kidole chake, na huenda hadi leo tungekuwa tunaihakiki nusu ya hadithi tukidhani ni nzima.