Kisogo cha Mheshimiwa

Kinyozi wangu wa mtaa wa Junda, huku kwetu pwani, hana hata kibao mlangoni. Ana kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa, mashine mbili, spiriti, poda, na wembe mpya kwa kila kichwa. Akifika shingoni hunishika utosi kwa vidole viwili na kuuinamisha, nami hutii kama mtoto wa akika anayenyolewa siku ya saba. Kisha huchonga kisogo taratibu, mahali ambapo mimi mwenyewe sijawahi kupaona. Ni kazi gani nyingine inayomfanya mtu mzima amwachie mwenziwe shingo, wembe u mkononi, naye akasinzia?

Hapo humkumbuka Zahira Zahir, Mwafghani aliyehamia Marekani. Babake, Abdul Zahir, alikuwa waziri mkuu wa Afghanistan kuanzia 1971 hadi 1972. Nduguye, Ahmad Zahir, ni yule mwimbaji aliyefariki 1979 na ambaye Waafghani hawajaacha kumsikiliza hadi leo. Zahira alishika mkasi. Alifungua saluni katika hoteli ya Watergate, Washington, na miongoni mwa walioinamisha vichwa mbele yake ni Rais George W. Bush. Kwenye majengo hayo hayo ya Watergate, Juni 1972, babake angali madarakani Kabul, wezi waliingia ofisi za chama cha Democratic. Siri zikafumuka hata Rais Nixon akajiuzulu 1974. Nacheka kila nikiwaza: pahali palipovujisha siri zile ndipo alipopatia riziki mtu ambaye kazi yake haidumu asipofunga mdomo.

Kwetu pwani, binti wa waziri akionekana na mkasi watu wangenong'ona kuwa ukoo umefilisika. Sikubaliani nao. Uwaziri mkuu wa baba haukufika miaka miwili. Mkasi wa binti ulikaa mkononi marais wakipishana. Na si kila binti wa Kabul aliyeachiwa wake: Julai 2023 Taliban waliamuru saluni za wanawake zifungwe.

Msimu wa kampeni, ukuta wa kinyozi wangu hujaa sura za waheshimiwa, nywele zimechongwa barabara. Aliyewachonga hatajwi.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu wangu hunyolewa na mshindani wake wa ng'ambo ya barabara, Alhamisi usiku, kabla ya foleni ya Ijumaa.