Muziki na Hatima ya Harry katika Filamu ya The Snows of Kilimanjaro

Hadithi fupi ya Ernest Hemingway, The Snows of Kilimanjaro (1936), huishia kwa kifo cha mhusika mkuu. Filamu iliyoongozwa na Henry King mwaka 1952 huishia kwa uhai. Harry, mwandishi anayeigizwa na Gregory Peck, amelala kambini chini ya mlima, kidonda cha mguuni kimeoza, naye anangoja ndege. Tahakiki hii inadai kwamba muziki wa Bernard Herrmann ndio unaomwandaa mtazamaji kuupokea mwisho huo mpya.

Harry hawezi kutembea, hivyo taharuki haitokani na mwendo. Hofu hubebwa na fisi anayelia usiku na tumbusi waliotua mtini. Herrmann hakutegemea hofu hiyo pekee, bali aliambatanisha kumbukumbu za Harry na walzi ya polepole ya vyombo vya nyuzi. Mapigo yake matatu huzunguka na kurudi yalipoanzia, kama afanyavyo mgonjwa anayekumbuka. Saksafoni ya Benny Carter katika onyesho la Paris husikiwa na wahusika wenyewe. Walzi husikiwa na mtazamaji tu. Kwa njia hiyo mtazamaji huingizwa ndani ya majuto ya Harry, akaacha kuuliza kama atakufa, akauliza amepoteza nini. Ndege inapofika, kupona kwake huonekana kama msamaha. Ukali wa hadithi, ambamo kilio cha fisi ndicho kinachomwamsha mke wa marehemu, umelainishwa.

Ulainishaji huo una gharama. Watumishi Waafrika wamo kambini, lakini walzi haibebi hisia zao. Kibo nayo hubaki mandhari. Hali ni tofauti kwa wapagazi wa Moshi wanaopanda kupitia Marangu na Machame. Wao huimba kwa kiongozi na kiitikio, na miongoni mwa nyimbo zao ni Jambo Bwana ya Them Mushrooms (1982), inayoongezewa jina la mlima. Wimbo huo ulitolewa miaka 30 baada ya filamu, hivyo si kipimo cha alichokiacha King. Hata hivyo, unadhihirisha namna nyingine ya kuliimba tumaini: anayeishiwa pumzi hupokewa na kiitikio cha wenzake. Katika walzi ya Herrmann, Harry hunusurika peke yake. Filamu ya Kiswahili kuhusu mlima huo italazimika kuamua ni pumzi ya nani itakayosikika.