Akyumuleta: Presha Inayobaki Injini Ikizimwa

Kreni ya bandarini hunyanyua mzigo kwa muda mfupi, kisha husubiri. Ukiifungia pampu yenye nguvu ya kunyanyua mzigo wote kwa mkupuo, pampu hiyo kubwa itakaa bure sehemu kubwa ya siku. Ndiyo maana wahandisi wa Uingereza wa karne ya 19 walitafuta namna ya kuweka akiba ya presha.

Njia moja ilikuwa mnara. Ule wa bandari ya Grimsby, uliokamilika 1852, ulibeba tangi la maji kwenye kimo cha takriban mita 60 ili kuendesha kreni na milango ya bandari. Kimo hicho hutoa presha ya kilo 6 tu hivi kwa kila sentimita ya mraba. Mhandisi William Armstrong alipotakiwa kufunga kreni New Holland, kando ya mlango wa mto Humber, alikuta mchanga usioweza kuhimili mnara. Akaacha kimo, akatumia uzito.

Alisimamisha silinda ya chuma, akatia pistoni ndefu na kuibebesha mzigo mzito: hiyo ndiyo akyumuleta. Pampu ikisukuma maji ndani, mzigo hupanda. Kreni ikihitaji nguvu, mzigo hushuka na kuyasukuma maji. Tuchukue pistoni ya kipenyo cha sentimita 50: eneo lake ni karibu sentimita za mraba 1,960. Ipakie tani 98, maji yanapata kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba, presha ambayo mnara ungeifikia kwa kimo cha mita 500. Tena presha haipungui mzigo ukishuka, maana uzito ni uleule. Tower Bridge ya London, iliyofunguliwa 1894, ilifungwa akyumuleta sita za aina hii: mashine za mvuke zilizijaza polepole, nazo zikanyanyua mabawa ya daraja, kila moja likizidi tani 1,000.

Mitambo inayotembea haiwezi kubeba mzigo mzito kiasi hicho, kwa hiyo kazi ya uzito imechukuliwa na nitrojeni ndani ya chupa nene ya chuma, ikitenganishwa na oili kwa mfuko wa mpira au pistoni. Hewa ya kawaida haifai: oksijeni yake ikikutana na oili chini ya presha kubwa, mchanganyiko huo unaweza kulipuka.

Chukua chupa ya lita 10 iliyojazwa nitrojeni kwa presha ya kilo 100. Pampu ikipandisha oili hadi kilo 200, gesi hujibana hadi nusu na lita 5 za oili huingia. Oili ikitoka, presha hushuka taratibu kurudi 100. Nishati inayotolewa hapo inatosha kuinua tani moja karibu mita 7, nayo imo ndani ya chombo kinachobebeka mikononi.

Kwa hiyo akyumuleta ni chombo cha presha kwanza, kipuri baadaye. Haichomelewi, haitobolewi, na hukaguliwa kwa ratiba. Kuzima injini hakuiondolei kitu. Fundi afungue valvu ya kutolea oili na kuhakikisha geji imefika sifuri kabla ya kugusa nati. Hata hapo, sifuri hiyo ni ya oili peke yake: nyuma ya mfuko wa mpira, nitrojeni ya chupa ya mfano wetu bado ina kilo 100, na chupa haifunguliwi mpaka gesi hiyo nayo itolewe kwa kifaa chake maalumu.