Hapana Iliyokosa Karatasi: Kusoma Fani ya Mjadala wa Elephant and Castle

Usiku wa tarehe 16 Januari 2018, kamati ya mipango ya Baraza la Southwark, kusini mwa London, ilikaa kujadili kubomolewa kwa jengo la maduka la Elephant and Castle. Kikao kilivuka saa sita usiku. Kura zilipohesabiwa, madiwani wanne walikuwa wamekataa kibali na watatu wamekubali. Tarehe 3 Julai mwaka huohuo, kamati ilitoa kibali, nacho kwa kura nne dhidi ya tatu.

Kisa hiki kinaweza kusimuliwa kwa njia ya fedha, au ya siasa za chama. Mimi nataka kukisoma kama tunavyosoma tamthilia. Katika mitihani yetu ya fasihi tumezoea kuitenga fani na maudhui, kila moja na swali lake na alama zake. Matini ya Southwark haikubali utengano huo. Fani yake ndiyo iliyoamua nani asikike, kwa muda gani, na kukataa kwa namna ipi kuwezekane.

Nianze na mpangilio wa wazungumzaji, maana umeandikwa wazi katika kanuni za kamati. Ofisa wa mipango hutangulia na ripoti yake. Wapingaji hufuata, nao kwa kawaida hupewa dakika 3 kwa jumla. Wakiwa wengi, wagawane dakika hizohizo. Kisha mwekezaji naye hupata dakika 3. Baada yake huja anayeunga mkono, mradi awe anaishi ndani ya mita 100 za eneo, kisha diwani wa kata. Mwisho wajumbe hujadili.

Ukiutazama kwa haraka, mpangilio huu ni wa haki: dakika 3 kwa huyu, dakika 3 kwa yule. Lakini tazama nani anamfuata nani. Mpingaji husema kabla ya mwekezaji, na hana zamu ya kujibu. Kila alichosema kinaweza kukanushwa, naye amekwisha kuketi. Tena, upande mmoja unazungumzia mradi mmoja kwa sauti moja, na upande wa pili ni umati wa watu wenye hasara zisizofanana. Jengo lile lilifunguliwa mwaka 1965, na kufikia miaka ya 1990 lilikuwa limechakaa. Kodi zilishuka, na wahamiaji kutoka Amerika ya Kusini wakafungua humo maduka, migahawa na ofisi za kutuma fedha nyumbani. Ghorofani palikuwa na ukumbi wa bingo, ambako wazee, wengi wao weusi, walikutana. Mwenye mgahawa, mcheza bingo na mpangaji anayehofia kodi ya nyumba wote walipaswa kuingia katika nafasi moja ya usemi. Hapo mtu hana budi kufupisha maisha yake hadi yawe mfano tu wa hoja. Huo ni ukatili, hata kama aliyepanga zamu hakukusudia.

Sasa ripoti yenyewe. Msimulizi wake hana nafsi. Baada ya pendekezo, hueleza eneo, huendelea na sera, kisha tathmini, na watu huingia katika hadithi kama athari zinazohitaji kupunguzwa: fungu la fedha la kuwahamisha wafanyabiashara, sehemu ya maduka yenye kodi nafuu. Lakini kiini cha fani hii kiko mwanzoni kabisa, kwenye pendekezo. Mapendekezo ya miradi mikubwa Southwark huandikwa kwa kiolezo kimoja: kibali kitolewe kwa masharti, mkataba wa kisheria ukamilike, na shauri lipelekwe kwa Meya wa London. Sentensi ya pili husema kwamba mkataba usipokamilika kufikia tarehe fulani, mkurugenzi wa mipango aruhusiwe kukataa. Kukataa kumo, basi, lakini kumewekwa mkononi mwa mtendaji, na sababu yake ni kuchelewa kwa saini. Hakuna mahali palipoandaliwa kwa ajili ya diwani aliyesikiliza akaona kwamba jambo hili halifai.

Ndiyo maana usiku ule wa Januari ulikwama. Kusema ndiyo kulikuwa na kurasa nyingi zilizokwisha kuandikwa. Kusema hapana kulihitaji sababu za kimipango, zitakazosimama mwekezaji akikata rufaa, vinginevyo baraza laweza kubebeshwa gharama. Sababu hizo hazikuwepo mezani. Madiwani walijaribu kuzitunga papo hapo, wakiwa wamechoka, na shauri likaahirishwa hadi tarehe 30. Siku hiyo ilipofika, kampuni ya Delancey, ndiyo mwekezaji, ilikuwa imeleta ahadi mpya, na kukataa hakukuandikwa tena.

Ningekuwa mchoyo nisiposema kwamba ule mkwamo ulizaa kitu. Nyumba za kodi ya umma, ambazo katika ombi la awali zilikuwa 33 kati ya nyumba 979 za mradi, zilifika 116 kufikia Julai. Familia 83 zaidi si jambo dogo. Ila wenye maduka na wazee wa bingo hawakupata nyongeza ya namna hiyo, kwa sababu kilichokuwa kikijadiliwa kwa upande wao hakihesabiki kwa vyumba. Aidha, nyumba zile 116 ziliwekwa katika awamu ya pili, kwenye kiwanja cha chuo kilichokuwa bado kinatumika. Wakazi walikipinga kibali mahakamani. Mahakama Kuu iliwakatalia mwaka 2019, na Mahakama ya Rufani ikafanya hivyo mwaka 2021. Wakati huo jengo lilikuwa limekwisha kufungwa, tangu tarehe 24 Septemba 2020.

Kiolezo kinaweza kuandikwa upya. Ripoti ya mradi unaohamisha watu ingeweza kubeba mapendekezo mawili, la kukubali na la kukataa, yote yakiwa na sababu zilizokaguliwa na wanasheria kabla ya kikao, na mpingaji akapewa dakika moja ya mwisho baada ya mwekezaji. Kura nne za Januari zingekuwa na karatasi ya kutiwa saini usiku uleule.